Kinywa cha Maman Nabintu

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tumalizane. Nimeshaitwa hivyo na watu ninaowapenda, sitakasirika. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nachora sura za watu kwa rangi za mafuta, chumbani kwangu mtaa wa Ganshoren. Sisi watu wa Kivu tuliokimbia vita, tukifanya matanga huku Brussels bila maiti, tunaweka picha ya marehemu kwenye kiti, tunaimba, tunalia, tunamwachilia. Sasa mzee wetu Tonton Zihindula, kinyozi wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa hapa mjini, hakuwa na picha. Mkewe, Maman Nabintu, alipotelea msituni walipokuwa wakikimbia. Ndugu walimwambia imetosha, amlilie Jumamosi. Akaniomba nimchore kwa maelezo tu: paji pana, mwanya, kovu kidevuni. Wewe ungeanzia wapi?

Kesho yake mwanamke akabisha hodi. Paji pana, mwanya. Nikadhani Tonton amenitumia shemeji yake, dada wa Nabintu, nimtazamie sura. Nikamkalisha karibu na dirisha, nikampa mkate. Aliula kwa njaa ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Kovu la kidevuni niliona nimeshalichora kabla sijalitafuta usoni mwake. Na hapo, niamini, mkono haukuwa tena wangu.

Picha ya matanga huwa naichora imetulia, mdomo umefungwa. Nilipoufunga wake, brashi ikaufungua. Nikakwangua rangi kwa kisu, nikaufunga tena. Ukafunguka. Nilitaka kuitupa ile brashi, vidole vikakataa.

"Usifunge kinywa yangu, mutoto," akasema yule mwanamke polepole. "Niko namuita."

"Unamuita nani, maman?"

Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Mkate ulikuwa mezani, mzima, haujamegwa hata kidogo.

Tonton alipokuja kuiona picha alipiga magoti. Nikamwambia habari za shemeji yake. Akashangaa: shemeji gani? Nabintu hakuwa na dada. Mara akanikamata shati, mzee yule mpole.

"Alors, alikuambia yeye iko wapi? Dis-moi, niambie, mutoto! Iko wapi?"

Hakuniambia. Tulilia wote wawili.

Matanga yakafutwa. Tonton alisema mtu anayeita haliliwi. Ndugu wakanuna, mchungaji akamsihi, wapi! Tukatuma ujumbe Bukavu, tukauliza kila aliyetoka upande ule. Hakuna aliyemwona Nabintu, akiwa hai wala akiwa maiti.

Picha, aliyoitundika saluni kwake, ilikauka yote isipokuwa mdomo. Najua rangi ya mafuta hukawia, lakini miaka yote hii? Ukiugusa leo, kidole kinatoka chekundu. Mimi sijachora uso tangu siku ile. Sasa napaka rangi kuta za watu, basi.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayejua kuchora: ukiombwa sura ya mtu ambaye haijulikani kama yu hai, kataa, hata akuombe baba yako mzazi. Jioni nikipita Matonge, namsikia Tonton ndani ya saluni iliyofungwa, sauti imeshakuwa ya kizee, anaiambia ile picha: "Niko hapa, Nabintu. Sema uko wapi, nikuje."

Nami nasimama nje, sina la kumsaidia.