Jumapili Nilicheza, Jumatatu Nikaumwa

Mimi ni Mama Sifa wa Baraka, na ninacheza. Naanza na mwisho makusudi, ili wewe unayesoma huku umeshika kiuno usiogope. Jumapili iliyopita mke wa mchungaji aliniomba nipunguze kidogo, maana watoto walikuwa wananitazama mimi badala ya kusikiliza neno. Sikupunguza.

Nilizaliwa kule juu Fizi-Centre, nikateremka mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa ajili ya ndoa. Mume wangu, Baba Sifa, anatengeneza mota za mitumbwi. Mimi nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha sabuni. Mawese yanaletwa kwa bidoni, yale madumu makubwa ya njano, na zamani niliinua moja kila mkono huku wanaume bado wanajinyoosha. Jumapili nilikuwa mstari wa mbele wa kwaya ya wamama. Nilipenda maisha yangu, na maisha nayo yalinipenda.

Ugonjwa haukupiga hodi. Sikuanguka wala sikuteleza. Msimu mmoja wa mvua niliinama kufagia uani, nikasikia moto chini ya mgongo. Ukateremka kwenye tako la kushoto hadi nyuma ya goti. Nikaendelea kufagia. Kesho yake nikabeba bidoni kama kawaida, na kesho kutwa pia. Wiki zilivyopita moto ukazoea kukaa. Mguu ukawa unakufa ganzi nikisimama, na usiku nilikuwa natafuta upande wa kulalia nikikosa.

Kuchuchumaa chooni kukawa vita. Mume wangu akafunga kamba kwenye nguzo ya choo ili niishike wakati wa kushuka na wa kupanda. Jirani alipoiona akauliza, "Baba Sifa, sasa munafuga mbuzi mu choo?"

"Ndiyo," akajibu, "na iko mbuzi ya bei kali."

Nilicheka. Kule kucheka kukaniuma mpaka nikalia.

Hospitali wakanipiga radio, yaani picha ya mifupa. Daktari akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. "Mama, mifupa yako iko muzuri. Hakuna fasi ilivunjika." Mwingine angeshukuru. Mimi nilitoka pale nimekasirika, maana nilitamani kuona hata ufa mdogo, kitu cha kuonyesha watu. Nikanywa vidonge vikaniunguza tumbo. Mama mkwe akaleta mtu akanichanja kwa wembe kiunoni. Wanakwaya wenzangu wakaja kuniombea, wakaimba sana, na wakala ugali wetu wote.

Kazini, mambo ya usalama yako mikononi mwa Shefu Etabo. Ni mtu mwema, naomba ijulikane. Siku soda ya kupikia sabuni ilipomrukia binti mmoja mkononi, Etabo alimmwagia maji mwenyewe hadi akalowa soksi. Miwani, glavu, buti, vyote anavisimamia kama baba. Lakini alifundishwa kwamba ajali ina siku yake na mahali pake.

"Ulianguka siku gani, Mama Sifa?"

"Sikuanguka, Shefu."

"Sasa ni nini ilikugonga?"

"Hakuna kitu."

"Damu ilitoka?"

"Hapana."

Akakuna kichwa. "Mama, mi nitaita hii kintu jina gani sasa?"

Akanipa konje, yaani mapumziko. Nikalala kwenye mkeka nikikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Niliporudi nilikuwa mgumu kuliko nilivyoondoka. Akanipa kazi ya kukaa kwenye benchi nikipanga sabuni katika katoni, akidhani ananihurumia. Kukaa ndiko kulikoniua zaidi.

Ikafika Jumapili ya matoleo ya mavuno. Asubuhi ile maumivu yalikuwa yamelegea. Ngoma ikalia, miguu ikanyanyuka yenyewe, nami nikacheza na kikapu cha mihogo kichwani. Nilisikia raha ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Sikujua kwamba Shefu Etabo alikuja siku hiyo kama mgeni, na alikuwa amekaa benchi la tatu.

Jumatatu sikuweza kusimama sawa. Nilifika kazini kwa kushika kuta. Etabo akanisimamisha mbele ya watu wote. "Mama Sifa, jana tulikuona! Mugongo ilienda konje?" Watu wakacheka. Baadaye akaniambia kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi: "Mama, kama unaweza kucheza, unaweza kubeba bidoni. Mwisho wa mwezi patron, mwenye kiwanda, atataka jibu. Ubebe, ao utoke."

Basi nikafanya hesabu ya ajabu. Nikaacha kucheza, ili niaminiwe. Jumapili nilikaa nyuma na wagonjwa, nimejifunga kitenge kiunoni, uso nimeukunja ili kila mtu auone. Nilipojisahau nikatingisha bega, nilitazama kwanza kama Etabo yuko. Na sasa maumivu yakapanda hadi mabegani. Nikawa na huzuni ya kweli. Nilikuwa nalilia mgongo, nalilia kazi, na nalilia ngoma.

Aliyenitoa pale ni Mama Nabintu, kine wa hospitali, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Alinigusa mgongo wote, akaniinamisha, akanigeuza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ni kintu gani ukifanya mugongo inakubali?"

Nikaona haya. Nikasema polepole, "Kucheza kwaya."

"Uliacha?"

"Niliacha. Watasema mi niko muongo."

Akapiga makofi kwa kicheko. "Mama we! Dawa ulikuwa nayo, ukaitupa! Simama, unionyeshe."

Nikacheza mle chumbani, yeye akipiga meza kama ngoma, hadi muuguzi akachungulia. Kisha akanikalisha akanieleza. Mgongo wangu ulichoka kwa mizigo, ukapona, lakini mishipa ikabaki na woga. Inapiga kelele kama mbwa aliyewahi kuibiwa kuku, anayembwekea hata mwenye nyumba. "Maumivu ni ya kweli," akasema. "Radio haiwezi kuiona, lakini ni ya kweli. Sasa ucheze kila siku, kidogo-kidogo. Siku mbaya usilale. Siku muzuri usijifanye mutoto wa miaka kumi na tano." Akajua kabisa ni nani aliyekaa mbele yake.

Nikamwomba barua ya kumpelekea Etabo. Akakataa. "Nitakuja mwenyewe."

Akaja asubuhi, wakati wa mazungumzo ya usalama, sote tumesimama uani. Etabo akamsikiliza, halafu akasema yaliyo moyoni mwake. "Lakini Mama Kine, Jumapili ya mavuno nilimuona anacheza na macho yangu."

"Na Jumatatu ulimuona anashika ukuta?"

"Nilimuona."

"Na macho yale-yale?"

Etabo akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa mi nitajuaje kintu haionekane?"

"Umuulize. Na akikujibu, umuamini."

Hapo Etabo alifanya jambo lililonifanya nimsamehe palepale. Aligeuka akatuuliza, "Nani iko na maumivu isiyokuwa na siku?" Mama wa masufuria akatangulia kuinua mkono. Akafuata anayekata sabuni, bega lake. Dereva akafuata. Mwishowe hata mlinzi akainua, ambaye kazi yake ni kukaa, na tukacheka mpaka mlinzi mwenyewe akacheka.

Siku hizi bidoni inabebwa na watu wawili. Meza ya kukatia imeinuliwa, tunabadilishana kazi, na asubuhi tunacheza wimbo mmoja kabla ya kuwasha moto. Shefu Etabo anacheza vibaya sana. Kiuno chake hakijawahi kuambiwa habari yoyote.

Namshukuru Mungu, Mama Nabintu, na mume wangu na kamba yake. Kamba sasa inafunga mbuzi wa kweli, na jirani hana tena la kusema. Wewe mwenye maumivu, usiache kitu unachokipenda ili watu wakuamini. Tafuta mtu wa kukuuliza vizuri. Na wewe msimamizi wa usalama, usisubiri damu.

Maumivu hurudi mara mojamoja, sitadanganya. Juzi tulikuwa na arusi ya mwanakwaya mwenzetu, nikajifanya yule wa miaka kumi na tano. Asubuhi nikaingia kazini nikishika ukuta. Etabo akanijia uani na buti zake, na moyo wangu ukaruka, maana mwili haujasahau ile Jumatatu.

"Mama Sifa, jana ulicheza?"

"Nilicheza, Shefu."

"Muzuri?"

"Muzuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea mkono wake niushike badala ya ukuta. "Basi leo utapiga muhuri ku sabuni, umesimama. Ukisikia imelegea, uniite, unifundishe ile ya jana."