Matuta ya Ijumaa

Mimi husuka nywele Riruta, na nikisema nina mkono mwepesi sijisifu, waulize wateja. Watoto husinzia mapajani mwangu nikiwasuka. Kwa hivyo msije mkasema Ijumaa ile mkono uliniteleza. Haukuteleza. Nilivuta makusudi.

Wakati huo nilikuwa beki wa kati wa timu ya wasichana wa mtaa, nafasi niliyoishika miaka minne bila mtu kunisumbua. Kisha akaja mgeni mmoja, mrefu, mpole, akiruka unadhani amesahau kushuka. Nilimchukia siku ile ile. Kocha wetu, mama mkali aliyekuwa karani huko Upper Hill, akatutangazia Alhamisi kwamba wachaguzi wa timu ya kaunti wangekuja Jumapili. Beki wa kati angeingia mmoja tu, na Jumamosi angepatikana kwa mchezo wa vichwa.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mnasimama wawili wawili, mwenzako anakurushia mpira kwa mikono, unaurudisha kwa kichwa. Kocha haangalii mpira, anaangalia macho. Ukifumba unatoka, ukiinama unatoka. Anayebaki ndiye beki.

Ijumaa mchana mgeni akaja kibandani kwangu, anatabasamu.

"Siste, nisuke matuta. Nataka nikae poa Jumapili."

"Keti," nikamwambia.

Kila tuta nililianzia kwenye vinywele vidogo vya paji la uso, nikavuta mpaka nyusi zikapanda.

"Aki siste, unavuta!"

"Vumilia kidogo. Zikilegea zitakufumukia uwanjani."

Akavumilia. Machozi yalimtoka, akayafuta, akaniomba msamaha kwa kulia kama mtoto. Nilisikia raha. Siwezi kuwadanganya.

Aliyewahi kusukwa anajua siku ya pili ilivyo, hata mto huulalii. Jumamosi wenzetu walitoka mmoja mmoja, tukabaki yeye na mimi. Mpira wa kwanza ulimpata kwenye paji la uso, akakaza meno. Nikamrushia wa pili, wa tatu. Macho aliyaacha wazi, yanamwaga maji, na ngozi kati ya matuta imekuwa nyekundu. Kocha hunyoa kichwa, angejuaje? Alidhani ni vumbi. Basi nikaanza kuurusha juu zaidi ili ushuke utosini, pale nilipovuta kuliko kote. Ilipofika zamu yangu alinirushia taratibu, kwa adabu, mipira ambayo hata kipofu angeipiga.

Mara ya mwisho alifumba macho kabla mpira haujatoka mikononi mwangu.

"Toka!" Kocha akapiga kelele. "Urefu wote huo na unaogopa mpira? Nenda ukacheze kati na watoto, huko mpira hukwepwa!"

Timu nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Jumapili wachaguzi walinitazama nusu saa, wakamchukua golikipa wetu, wakaenda zao. Shenzi kabisa.

Jumatatu mgeni akarudi kibandani nimfumue. Vipele vilikuwa vimejaa kuzunguka uso wote, vingine vina usaha. Nilifumua polepole.

"Kichwa kiliniuma, siste, lakini si nywele," akasema. "Wangapi umewasuka na wakacheza? Mimi ni mwoga tu. Sikujua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wangu ulikuwa hapo, na hakukuwa na mtu mwingine kibandani.

"Si kila mtu ni wa mpira," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Viatu vyake vya mpira alimpa binamu yake wiki hiyo hiyo, na uwanjani hakukanyaga tena.

Hata hivyo hakunihama miaka yote hii. Juzi alimleta bintiye, msichana wa miaka mitano, kusukwa kwa mara ya kwanza. Mtoto akaona kitana, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, analia.

"Kaa, mama, usiogope," akambembeleza. "Huyu anti ana mkono mwepesi."