Ufunguo wa Pili

Kwa sababu ya duka langu, nina bastola yenye leseni, na chumba changu kimoja hapa mtaa wa Tena hakina pa kuiweka. Nikamwendea fundi wa kuchomelea vyuma, nikachagua kabati dogo kuliko yote, lile linaloenea nyuma ya mlango. Fundi, mtu wa kuongea kama redio, alikuja akalikaza ukutani kwa bolti, akanipa funguo mbili.

“Huu wa pili mpe mama watoto, mzee. Usiufungie humu ndani kama wajinga wengine.”

Nani alimwuliza? Mke wangu nilishamzika, na watoto hatukujaliwa. Majirani tunajuana kwa salamu tu. Fundi alipoondoka nilikaa kitandani nimeushika ule ufunguo, nikiwaza nimpe nani.

Mwishowe niliufungia mle ndani, kando ya bastola.