Zulia la Krimu Lizaboni

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, baada ya kuzoea kupanga foleni ya sabuni, kila mtu Songea alikuwa na ugonjwa wake wa kununua. Jirani yetu alinunua redio kubwa kuliko meza yake. Mume wangu alinunua zulia.

Lilikuwa la manyoya, rangi ya krimu, limesafiri kutoka Dar juu ya magunia ya lori. Mtu mwenye akili timamu hanunui zulia la krimu akiishi mtaa wetu wa Lizaboni. Barabara yetu ilikuwa ya udongo mwekundu, na tangu Julai hadi mvua za kwanza kila gari lililopita lilituachia kipande cha barabara ndani ya nyumba. Lakini mume wangu alikuwa afisa wa serikali, na afisa, alisema, hawezi kukanyaga saruji kama yuko stoo. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka Singida, nilidhani vumbi nalijua. Nikalitandika.

Haikupita muda akaanza kupiga chafya, za mfululizo, kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Akalaumu mafuta yangu ya kupikia. Akalaumu paka wa jirani. Wiki moja akalaumu vyama vingi. Zulia hakuligusa kwa neno, na mimi kila asubuhi nililifagia kavu kwa nguvu, nikidhani nasaidia, naye akiwa kwenye kochi pembeni anakunywa chai yenye vumbi.

Mama mkwe akaja kutoka Mpitimbi na unga na kuku. Alisimama mlangoni akalitazama zulia, akakataa kulikanyaga.

"Shikamoo mama, karibu ndani," nikasema.

"Marahaba. Hili lina mtu," akajibu, akapitia mlango wa jikoni.

Kesho yake alilinyunyizia maji ya baraka pembe zote. Hayo ndiyo maji ya kwanza zulia lile kuyaona tangu lizaliwe.

Alasiri moja mume wangu alirudi kutoka kazini, akakaa, akashindwa kumaliza sentensi. Midomo ilibadilika rangi. Niliogopa hata nikasahau kuvaa viatu. Tulimpeleka hospitali mimi na mama yake, tumemshika huku na huku.

Alipotulia, daktari akamwuliza, "Nyumbani chini mmetandika nini?"

"Zulia," akasema, na pumzi ile kidogo aliyokuwa nayo akaitumia kujivuna.

"Liondoeni. Mapazia mazito na vitambaa vya makochi vifuliwe mara kwa mara. Msifagie kavu, pigeni deki. Na wewe usiwepo wakati vumbi linatimuliwa."

"Sindano hakuna, daktari?"

"Sindano ipo. Ila zulia likibaki, utachomwa mpaka tukose pa kuchoma."

Unadhani alilitoa? Jumapili iliyofuata alilitundika kwenye kamba akasema tatizo ni kulikung'uta tu. Nilimwambia daktari amekataza. Nilimwambia pia watu wa misa wanapita. Akachukua fimbo. Lilipopigwa mara ya kwanza, wingu jekundu lilitoka likavuka uzio, likawaangukia akina mama wa parokia waliovaa mashati meupe. Mmoja alisali kwa sauti, lakini si sala ya kumwombea mume wangu. Yeye akaendelea kupiga, machozi na kamasi vinamtiririka, mpaka akakaa chini kwa kukosa pumzi.

Mama yake alimnyang'anya fimbo. "Baba," akamwambia taratibu, "nimezika baba yako. Wewe sitaki kukuzika kwa ajili ya blanketi la sakafuni."

Alijifuta kamasi, akalitazama zulia. Kisha akasema, "Lipelekeni kanisani."

Padri alilipokea kwa shukrani akalitandika mbele ya altare. Jumapili moja, katikati ya mahubiri kuhusu tamaa ya mali za dunia, alianza kupiga chafya na hakuweza kuacha. Mume wangu aliinamisha kichwa kwenye benchi. Nilidhani anasali, kumbe mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilitega sikio nikisubiri filimbi ya kifua. Haikuja.

Pumu haikuisha kabisa, wakati wa kiangazi bado ilimtembelea. Lakini tuliishi juu ya saruji tupu, na alasiri, akitoka kazini, afisa wa serikali alikunja suruali akadeki sebule mwenyewe kwa tambara bichi, maana alisema mimi naacha kona. Wanawake wa mtaa walikuja kukopa chumvi ambayo hawakuihitaji, ili tu wamwone, kisha wakarudi kwao kuwauliza waume zao wao wanangoja nini. Waume hao hawakumsalimia kwa muda mrefu.