Neno Lisilosemwa Nyumbani kwa Chausiku

Nyumbani kwa Chausiku hakuna aliyesema "nimechoka." Waliotoka shamba la kijiji migongo ikiwauma walisema "nimefika," basi. Wageni tulidhani ni ushupavu wa Wazigua. Kumbe ni hadithi.

Mama mkwe wake, bibi wa watoto, ndiye aliyeisimulia, kila jioni kipande. Ukoo mmoja ulimfukuza mlangoni mpita njia aliyetua mzigo akasema amechoka. Akawaapiza: neno hilo litawageuza mawe. Kaka mkubwa akalisema shambani, akawa jiwe. Dada akalisema njiani, na mtungi kichwani. Wa tatu akalisema usingizini. Akabaki kitindamimba, msichana, ambaye aliokota mawe matatu akayafanya mafiga, asijue anapika juu ya nani. Alipobandika chungu, figa moja likasema...

Hapo bibi alishikwa na kikohozi. Kesho yake lori likaja kuwahamishia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kwedizinga. Bibi alipandishwa juu ya magunia, na hakufikia mvua za vuli. Hadithi ikabaki hapo, chungu kikiwa motoni.

Wengine waliisahau. Zuena, binti wa Chausiku, alikuwa na miaka tisa na hakusahau. Mwaka ule mahindi yalikauka na bwawa lilikuwa mbali. Alibeba maji asubuhi, akapalilia mchana, hakulalamika, na mama yake akamsifu kwa majirani. Mpaka siku alipoanguka njia ya bwawani, mwili unachemka kwa homa, nyumbani hata hakuonekani, naye anasema, "Nimefika, mama."

Aliyesaidia kumbeba hadi zahanati ni Efrazia, jirani, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Korogwe.

"Mama Zuena, homa hii si ya leo. Mbona hakusema?"

"Anaogopa kuwa jiwe."

Alipoelezwa, Efrazia alicheka kidogo, kisha akaacha. "Basi mmalizie. Mwambie figa limesema ugali unaungua."

"Si hadithi yangu. Ni ya bibi yake."

"Bibi yake amekwisha kulala. Atakayezika mtoto ni wewe."

 Vidonge vilishusha homa, na kabla miguu haijapata nguvu Zuena alikuwa ameshika ndoo tena, amebana midomo. Mama yake akamfuata bwawani. Wakati wa kurudi alitua ndoo yake katikati ya njia, akaketi kwenye mwamba.

"Figa likasema, 'Nimechoka,'" alisema.

Zuena alisimama, maji yakimtiririkia shingoni. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nadhani tu. Jiwe linalokalia moto kila siku litasema nini kingine?" Akapangusa uso kwa upande wa kanga. "Na mimi nimechoka, Zuena. Nimechoka tangu siku ya lori."

Mtoto akaitazama miguu ya mama yake. Ilikuwa na vumbi, visigino vimepasuka. Akangoja. Kidole kimoja kikacheza, kikamfukuza nzi.

"Yule msichana akalijibu nini?"

"Sijui. Bibi yako hakufika huko."

Zuena alitua ndoo yake pole pole, maji yasimwagike.

"Sogea kidogo, mama," akasema.