Wiki Mbili za Fundi Kioo

Walimwita Fundi Kioo kwa sababu ukuta alioupiga plasta ungeweza kuupitishia kiganja kutoka mlangoni hadi dirishani usikwaruzwe hata ngozi. Sifa hizo hazikuwa za bure. Alichota mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, kwa mwiko, akakunja kifundo cha mkono kidogo tu, akairusha, nayo ikanata pale pale alipotaka. Wenzake walirusha nusu ukutani, nusu viatuni. Na ulimi alikuwa nao: mwenye nyumba akiuliza kazi itaisha lini, alijibiwa kwamba ukuta si mja mzito, hauna tarehe.

Kifundo hicho ndicho kilichomponza. Miaka tisa nyuma jukwaa lilimwangusha, akatua kwa kiganja cha kulia, na kwa ukaidi wake akajifunga kitambaa, akarudi kazini siku ya tatu. Kano zilizokatika ndani hazikuunga tena. Mifupa midogo ikawa inacheza na kusagana, gegedu iliyoikinga ikalika yote. Ikafika hatua kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, ndiye aliyemkatia nyama sahanini, ndiye aliyemsikia akigumia usingizini. Watu wazima wanalishana kama maharusi, na hakuna aliyecheka.

Daktari wa mifupa hakuzunguka mbuyu. Alisema vidonge na sindano vimegonga mwamba. Kilichobaki ni kuifunga mifupa ile kwa bamba la chuma na skrubu mpaka ishikane iwe mfupa mmoja.

"Maumivu yataisha," alisema. "Vidole vitafanya kazi, na kiganja utakigeuza kama mtu anayefungua kufuli. Ila kifundo hakitakunjika tena, mzee. Maisha yako yote."

"Na kupiga plasta je?"

"Hilo utaniambia wewe." Akamvalisha gango gumu la plastiki lililozuia kifundo kukunjika. "Hivi ndivyo mkono utakavyokuwa. Kaa nalo wiki mbili. Fanya nalo kazi. Ukishindwa, tuzungumze kabla sijakata kitu."

Hapo ndipo mtu mzima alipofanya utoto. Siku ya pili, kwenye ukumbi aliokuwa akiupiga plasta na shemeji yake, alirusha miiko mitatu ya mota akiwa na gango, na yote mitatu ikaangukia miguuni. Shemeji akajitia anatafuta ndoo. Kioo akailaumu plastiki: nene, inabana, mfupa wenyewe utakuwa na adabu zaidi. Akalivua, akalitupia kwenye begi, akaumaliza ukumbi amekaza meno. Hakulivaa tena kazini. Nami nasema wazi, alijua kosa si la plastiki. Mtu anayejua mota itatua wapi kabla haijatoka mwikoni hawezi kuja kutuambia hakujua. Lakini maumivu yalikuwa yamemchosha, na mtu aliyechoka hivyo hujidanganya kwa urahisi sana.

Asubuhi ya kurudi kliniki mkewe alimvalisha gango kimya kimya, wakaenda wote.

"Halikunisumbua hata chembe," Kioo akamwambia daktari.

Daktari, ambaye wakaidi alishawazoea, akamgeukia mke. "Mama, wewe umeonaje?"

"Kazi zote amefanya nalo," akajibu bila kupepesa macho. Kioo alimshukuru moyoni.

Upasuaji ukaenda vizuri. Mfupa ukashika. Akaanza kujifunga vifungo mwenyewe, akalala usiku mzima kama watu wengine. Mwezi wa sita baada ya upasuaji akachukua mwiko wake, akaenda kazini.

Mota haikwenda. Alijaribu kwa kiwiko, akajaribu kwa bega, akasimama upande kama mrusha mawe. Ikaruka kila mahali isipokuwa ukutani. Mafundi wangecheka, angepata la kuwajibu. Waliinamia ndoo zao, na hilo ndilo lililomkata maini. Mwishowe shemeji akamtoa mwiko mkononi taratibu, akaenda kuuosha.

Alifika nyumbani mchana. Mkewe alikuwa mezani, anachambua mchele.

"Nilimdanganya daktari," Kioo akasema.

"Najua. Shati linarudi limejaa saruji, gango safi kama limetoka dukani. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Miezi yote hiyo Kioo alidhani mkewe alimwambia daktari vile kwa kumwamini.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungerudi hapa na mkono ule ule. Miaka tisa, baba. Miaka tisa nasikiliza unavyolia. Kuta za watu hazinihusu. Nilitaka upone."

"Na mimi sasa ni nani?"

Mkewe akainamia ungo, akaendelea kuchambua. Hasira ikampanda Kioo. Akaipiga meza kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zake zote, mchele ukaruka hadi sakafuni, na mkono haukumuuma hata kidogo.