Mtu Asiyeachia Kamba

Shemeji yangu Hosea nimeishi naye jirani karibu miaka thelathini, na mpaka leo sijui kama alikuwa nahodha mzuri au mbaya. Ukiniuliza asubuhi nitakwambia hivi, ukiniuliza jioni nitakwambia vile, na ukiniuliza mara ya tatu nitakasirika. Yeye alizaliwa Kinyangiri, katikati ya mifugo. Alipomwoa dada yangu Magdalena wakakaa huko miaka michache, kisha ukame ukawasukuma kuja kwetu, ukingoni mwa Ziwa Kitangiri, kutafuta malisho. Ziwa lenyewe alilitazama kwa mbali tu. Hakuna mtu aliyetegemea kumwona ndani yake.

Kijijini alijulikana kwa jambo moja: haachii kamba. Fahali akipelekwa mnadani, akigeuka njiani, wanaume wengine wanatafuta mti wa kupanda. Hosea anazungusha kamba mkononi mara mbili, anakita mguu, anavuta. Kulikuwa na sababu yake. Akiwa kijana, fahali alimzidi nguvu, akaogopa, akaachia. Yule fahali akamkanyaga mdogo wake Antipasi, akamvunja paja. Antipasi alipona, ila anachechemea hadi leo. Hosea hakuwahi kutusimulia habari hiyo. Ni dada aliyeniambia, akanionya nisije nikamtania nayo, na mimi ninayemtania shemeji yangu kwa kila kitu, hiyo niliiacha.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Duka letu la ushirika lilikuwa limebaki na viberiti na rafu tupu, mara tukaona malori. Haji Abdulmajidi, mfanyabiashara wa Mandewa, pale Singida mjini, akawa anatuletea sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na mitumba. Akasikia kwamba ng'ambo ya ziwa, kwa Wasukuma, kuna ng'ombe wengi na hakuna duka. Akaleta mashua kutoka Mwanza, imelazwa juu ya lori. Wazee wakaizunguka, wakasema ni hori la kunyweshea ng'ombe, wakauliza mbona hori limeletwa na nguzo. Tanga lilishonwa kwa mifuko ya sandarusi, na maandishi ya mbolea yalisomeka vizuri kabisa.

Haji akauliza ni nani kijijini anayejua kamba. Wote wakamtaja Hosea. Ndivyo mtu asiyeachia kamba alivyopewa mashua, na nikikumbuka bado napandwa na hasira, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa waliomtaja.

Wa kumfundisha alikuwa Mzee Anuari, mjomba wake Haji, aliyekulia pwani. Alikaa kwetu wiki tatu. Alimfundisha mizigo ilazwe chini, katikati, na ifungwe isiteleze. Abiria asisimame. Kopo la kuchotea maji yanayoingia lisikae mbali na mkono. Tanga likigeuzwa, kila mtu ainamishe kichwa, maana ule mti unaolibeba hauna adabu. Hayo yote Hosea aliyaelewa upesi. Lililomshinda ni kamba ya tanga.

"Kamba hii haifungwi, wala haizungushwi mkononi," Mzee Anuari alimwambia. "Unaishika tu, mwanangu. Upepo ukikuzidi, achia."

Hosea akamuuliza akiachia mashua itakimbilia wapi. Mzee akasema haitakimbia, itatulia. Hosea akatingisha kichwa. Siku ya pili akauliza tena, na wiki ya tatu alikuwa bado anauliza. Kitu chenye nguvu ukiachie, halafu kitulie? Alikuja kuniuliza hata mimi, na mimi nilikuwa sijawahi kushika hata kasia. Jioni alifunga kamba kwenye nguzo ya zizi, akawa anajifundisha. Alijiambia, "achia," na mkono ukagoma kufunguka. Nilicheka sana, kisha nikaona uso wake, nikaacha kucheka.

Mwaka mzima alivusha watu na chumvi bila mkosi. Alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi kabla ya upepo wa mchana, kwa hiyo hakuna aliyejua kama somo la kamba limemwingia. Yeye mwenyewe hakujua. Lakini Magdalena alikataa kukanyaga mashua hiyo. Watu wakaanza kumcheka Hosea, wakisema hicho ni chakula gani ambacho mke wa mpishi hakigusi. Maneno hayo yalimwingia moyoni. Alitaka mke wake amwamini, basi.

Halafu habari zikaja kwamba mtoto wao Damari, aliyeolewa ng'ambo, amejifungua. Kuzunguka ziwa kwa miguu ni siku mbili. Dada akafunga unga wa uji, samli na sufuria kwenye kitenge, akasema anakwenda kwa ajili ya mjukuu, si kwa ajili ya mashua. Nikafuatana naye, pamoja na jirani yetu Joyce na kuku wake watatu.

Siku hiyo lori la Haji lilichelewa, tukaondoka jua likiwa juu. Mifuko ya chumvi haikufungwa. Nilimuuliza Hosea mbona haifungwi, akasema tumechelewa mno. Na kamba, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa ameizungusha mkononi mara mbili. Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza, sijui.

Tulipofika katikati, upepo ukashuka kutoka milimani. Mashua ikalala upande. Chumvi ikateleza, maji yakaruka ukingo na kuingia, Joyce akasimama, na mimi, mjinga, nikasimama pia. Hosea akakita mguu kwenye ubao, akavuta. Alivyozidi kuvuta ndivyo mashua ilivyozidi kulala, na ilivyozidi kulala ndivyo alivyozidi kuvuta. Mimi sikuelewa kitu. Nilimwona mtu anapigana kutuokoa, na tunazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na shemeji yangu hakuwa na sisi tena, alikuwa Kinyangiri.

Dada hakusimama. Alitambaa ndani ya maji mpaka miguuni pake, akamshika kifundo cha mkono. Tangu waoane humwita Baba Damari. Siku ile alimwita jina lake.

"Hosea," alisema, taratibu kabisa. "Hapa hakuna ng'ombe."

Hosea akamtazama kana kwamba hamfahamu. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, kisha kamba ikachomoka na kuondoka na ngozi ya kiganja. Tanga likapigapiga hewani, kelele tupu. Mashua ikainuka, ikatulia, kama Mzee Anuari alivyosema.

Tulikaa tukachota maji na kuyamwaga nje, kwa kopo na kwa sufuria ya dada. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, na sikumbuki nilimtukana nani. Hosea alikuwa amekaa, anatazama kiganja chake kinachotoka damu.

"Nani ameumia?" akauliza.

Tukamwambia hakuna. Akauliza tena, tukamwambia hakuna. Hakuamini. Akaanza kututaja mmoja mmoja, na kila mmoja akaitika: Magdalena, mimi Dina, Joyce. Nikadhani amemaliza.

"Na Antipasi?"

Joyce akanitazama. Mimi nikatazama maji. Dada akakichukua kile kiganja, akakifunga kwa ncha ya kitenge chake.

"Antipasi yuko Kinyangiri," alimjibu. "Ni mzima."